Mechi ya Ellis Park na deni la Filbert Bayi

Jumamosi ya tarehe 22 Agosti 2026, Afrika Kusini na New Zealand wanakutana Ellis Park, Johannesburg, kwenye raga. Wewe uliyezoea kunikuta hapa na habari za Namungo au bei ya korosho, nivumilie leo. Makala ni ndefu, na mpira wenyewe una ncha mbili, ukidunda hujui unaelekea wapi.

Hiyo ni ya kwanza kati ya mechi nne. Wiki moja baadaye wako Cape Town. Tarehe 5 Septemba wanarudi Johannesburg, safari hii kwenye uwanja wa FNB, ambao sisi wa kandanda tunaukumbuka kwa fainali ya Kombe la Dunia ya 2010. Halafu tarehe 12 wanamalizia Baltimore, Marekani. Ugomvi wa Afrika Kusini na New Zealand unaenda kumalizwa Baltimore kwa sababu gani? Fedha. Marekani wataandaa Kombe la Dunia la raga mwaka 2031, na wenye mchezo wao wanataka kuwazoesha watu mapema. Tuyaache hayo. Kikubwa ni kwamba ziara ya namna hii, timu kukaa kwenye nchi ya watu kwa wiki kadhaa, ikicheza na timu ya taifa na papo hapo ikipambana na timu kubwa za huko, All Blacks, yaani timu ya taifa ya New Zealand, wenye jezi nyeusi, hawajaifanya Afrika Kusini tangu 1996. Mwaka ule waliondoka na ushindi wa jumla wa mfululizo wa mechi na timu ya taifa, ambao waliowatangulia walikuwa wakiusaka katika ardhi ile tangu 1928 bila kuupata.

Mimi raga niliikuta kazini. Miaka ile ya gesi, Mtwara ilipojaa wageni wa meli na mitambo, na kodi ya chumba ikapanda mpaka watu wakawa wanahamahama mitaa, nilikuwa nahudumu baa ya hoteli moja kule Shangani. Siku za Jumamosi wageni wa kutoka Afrika Kusini walikuwa wakishika rimoti hawaiachii. Mmoja wao alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa Durban, shingo nene kuliko paja langu, masikio yamekunjamana kwa miaka ya kusuguana na vichwa vya wenzake. Aliniona nimeduwaa mbele ya televisheni na trei mkononi. Akazoa visoda vya jioni nzima, akavigawa mafungu mawili.

Kwenye fungu la kwanza alichukua vinane, akavibana mpaka vikapandana, akaanza kuvisukuma kwa viganja vyote viwili, polepole, kuja upande wangu. Kilichokuwa mbele, kiberiti, kisahani cha karanga, bili ya watu, vyote vikasogea. "Hii sisi," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Fungu la pili akalitawanya meza nzima, kisha akachukua punje ya karanga na kuanza kuidonoa kwa ukucha, kutoka kisoda hiki kwenda kile, haraka haraka, mpaka kisoda cha mwisho kikafika ukingoni na kudondoka sakafuni. "Hii wao." Akaagiza bia nyingine. Tangu hapo nimesoma na kusikiliza wachambuzi wengi, na bado sijampata aliyeeleza vizuri kumzidi.

Kwa asiyejua kabisa: wachezaji ni 15 kila upande, dakika 80. Kwa mkono unapasi nyuma au pembeni tu. Ukitaka kwenda mbele unakimbia nao au unaupiga teke. Ukiukandamiza chini kule nyuma ya mstari wa wapinzani, hiyo inaitwa trai, pointi 5, na mkwaju wa nyongeza ukipita unapata 2. Penalti ni 3. Hayo yanatosha. Sheria zilizobaki hata marefa wanabishana.

Sasa tuwaangalie wenye jezi ya kijani, Springboks, yaani timu ya taifa ya Afrika Kusini. Raha ya Afrika Kusini iko kwa wale wanane wa mbele. Kwenye skramu wanainama, wanashikana, wanasukumana na wanane wa upande wa pili, na mara nyingi kinachotafutwa hapo ni penalti kuliko mpira wenyewe: ukimkunja mwenzako akaanguka, refa anapuliza, mpigaji wako anachukua pointi tatu au anaupeleka mpira pembeni karibu na mstari wao. Ukirushwa tokea pembeni, mrefu mmoja ananyanyuliwa juu, anaudaka, anashuka, wenzake wanamzunguka na kuanza kutembea naye kuelekea mbele. Aliyewahi kusaidia kupandisha mashua ufukweni Mikindani maji yakiwa yametoka anaijua shughuli hiyo: mabega yote chini, mmoja anahesabu, chombo kinapanda hatua kwa hatua, na kikishaanza kwenda hakuna mtu wa kukisimamisha. Tofauti ni kwamba Mikindani daima kuna mmoja amejificha katikati anajifanya anasukuma. Kwa Springboks huyo hayupo.

Halafu kuna benchi lao. Kila timu ina wachezaji wanane wa akiba, na kawaida watano wanakuwa wa mbele na watatu wa nyuma. Kwenye Kombe la Dunia la 2019 kocha Rassie Erasmus alianza kuweka sita wa mbele na wawili wa nyuma. Agosti 2023, pale Twickenham, London, Afrika Kusini wakaweka saba na mmoja, na New Zealand wakala 35 kwa 7. Maana yake, dakika ya hamsini wewe umeshachoka kusukumana na watu wazima, halafu inaingia skramu mpya kabisa, watu wamekunywa maji yao, wamepumzika, wanatabasamu. Kuna waliolalamika kwamba hiyo si haki. Mimi naona ni akili tu. Sheria iliwaruhusu wote.

New Zealand wao wanaishi kwa makosa ya mwenzao. Watu wanadhani kazi yao ni kupasi tu, kumbe wanapiga mateke mengi vilevile. Kinachowatofautisha ni kile kinachotokea sekunde tatu baada ya wewe kupoteza mpira. Watu wako bado wamepangwa kushambulia, hakuna aliyesimama kulinda, na wao tayari wameshapasi mara mbili kwenda upande ule ulio wazi. Mchezaji wao anaangushwa, lakini kabla goti halijagusa nyasi ameshauachia mpira kwa mkono mmoja, na kuna mwenzake pale, kana kwamba walikubaliana jana. Mtu mnene wa mbele kwao anapasi kama mtu wa pembeni. Kwa historia yao yote wameshinda zaidi ya robo tatu ya mechi za kimataifa walizocheza, na kwa nchi yenye watu wachache kuliko jiji la Dar es Salaam, hilo si jambo la kubahatisha.

Zikikutana staili hizi mbili, mara nyingi ukuta wa kuzuia ndio unaoshinda hesabu. Fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 1995, hapo hapo Ellis Park, New Zealand walikuja na Jonah Lomu, jitu la pembeni lililokuwa limetoka kuwafunga England trai nne peke yake kwenye nusu fainali. Kwenye fainali hakupata hata moja. Hakuna aliyepata. Afrika Kusini 15, New Zealand 12, baada ya muda wa nyongeza, kwa mateke matupu. Fainali ya 2023 kule Paris, tarehe 28 Oktoba, nahodha wa New Zealand Sam Cane alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, wakacheza muda mrefu wakiwa 14, na trai pekee ya usiku ule bado wakaifunga wao. Wakapoteza 12 kwa 11. Pieter-Steph du Toit aliangusha watu mara 28. Na hiyo ilikuwa mara ya tatu mfululizo kwa Afrika Kusini kushinda kwa pointi moja: Ufaransa 29 kwa 28, England 16 kwa 15, halafu hiyo. Wenye presha hawashauriwi kuishabikia timu ile.

Ila yule fundi wa Durban angerudi leo na visoda vyake angelazimika kupanga upya. Mwaka 2024 Erasmus alimwajiri Tony Brown, mtu wa New Zealand, aliyewahi kuivaa jezi nyeusi, awafundishe Springboks kushambulia. Matokeo yake yalionekana Wellington, Septemba 2025. Wiki moja kabla, New Zealand walikuwa wameshinda Eden Park 24 kwa 17, uwanja ambao hawajafungwa tangu 1994. Wellington wakaenda mapumziko wakiongoza 10 kwa 7. Kipindi cha pili hawakupata pointi hata moja. Afrika Kusini wakapiga 36 bila majibu, matokeo 43 kwa 10, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya All Blacks. Na nyingi ya trai zile hazikuja kwa kusukumana. Zilikuja kwa mpira kutembea mikononi, kwa Cheslin Kolbe, kimtu kidogo chenye miguu ya moto, kupita mahali ambapo hapakuwa na njia.

Kwa hiyo ukisikia mtangazaji anasema hii ni nguvu dhidi ya ufundi, mpunguzie sauti. Mpaka wa staili hizi umehamia juu hewani. Tangu mwishoni mwa 2024 marefa waliagizwa kuwabana wachezaji wanaomkinga mwenzao anayesubiri kudaka mpira wa juu. Sasa mdakaji anabaki wazi, na kila timu imegundua kwamba teke refu la kwenda juu ni silaha. Afrika Kusini wanaupiga ili waugombanie na kumkandamiza aliyeudaka. New Zealand wanautaka ule unaodondoka, unaoponyoka, usio na mwenyewe. Teke ni lile lile, ila kila mmoja anaomba ushuke kwa namna yake. Nami nitakuwa naangalia hapo.

Niliyaeleza haya yote kwa mjomba wangu, na hapo ndipo raga ikageuka kuwa kitu kingine.

Kwetu huku kusini mjomba si mtu wa kukatiza maneno. Huyu wa kwangu, kaka mkubwa wa mama, amekulia Nachingwea enzi wapiganaji wa FRELIMO wana kambi yao huko, na sasa ana shamba lake la mikorosho nyuma ya Mikindani. Nilimkuta uani anafungua pampu ya kupulizia salfa, mikono imekuwa ya njano mpaka kwenye viwiko.

"Wanacheza akina nani?" akauliza.

"Afrika Kusini na New Zealand, mjomba."

Akaiweka pampu chini. "Hao hao?"

"Hao hao."

"Hao ndio waliomnyima Bayi medali yake. Usiniite."

Vijana wa siku hizi hawajui, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia juu juu tu. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, kijana wa Karatu, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mlio wa bastola. Watu walisema amechanganyikiwa, mbio zile hazikimbiwi hivyo. Akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Nyuma yake, kwa tofauti ya sehemu ya sekunde, alikuwa mwenyeji John Walker, ambaye naye aliivunja rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Mei 1975 Bayi akachukua na rekodi ya maili moja, kule Jamaika. Agosti mwaka huo huo Walker akamnyang'anya hiyo ya maili. Dunia nzima ya riadha ikawa inasubiri kitu kimoja: Montreal, Olimpiki ya 1976, Bayi na Walker.

Tarehe 16 Juni 1976 polisi wa makaburu wakawafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto. Mwezi ule ule All Blacks wakapanda ndege kwenda kucheza raga Afrika Kusini. Kabla ya Juni kwisha walikuwa wameshacheza mechi ya kwanza ya ziara yao. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Olimpiki. Kamati ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo haiwahusu. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kusema basi, sisi hatuendi, na zaidi ya nchi ishirini, karibu zote za Afrika, zikagoma, nyingine wanariadha wao wakiwa wameshafika Montreal na mabegi yao. Walker akakimbia bila Bayi. Akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39, muda ambao Bayi alikuwa ameupita mbali miaka miwili nyuma.

Mjomba anakumbuka kuisikia habari ile redioni. Anachokishangaa mpaka leo ni kwamba hakuna aliyelalamika. "Tulisema sawa," aliniambia. "Tulikuwa tunadaiwa na ndugu zetu, tukalipa. Lakini aliyelipa kwa miguu yake ni kijana mmoja wa Karatu." Na wale waliokwenda kucheza? Walifungwa mechi tatu kati ya nne. Hata faida hawakuipata.

Nikajaribu kuwatetea. Nikamwambia mwaka 1981, Springboks walipokwenda New Zealand, watu wa huko wenyewe waliingia barabarani kwa maelfu kuipinga ziara. Hamilton, waandamanaji walivunja uzio, wakasimama katikati ya uwanja mkono kwa mkono, mechi ikafutwa. Mechi ya mwisho, Auckland, kandege kadogo kalipita chini kabisa ya mawingu kakidondosha mifuko ya unga juu ya wachezaji. Mjomba alicheka kwa ile ya unga. Kwa muda nikadhani nimeshinda. Nikaongeza Mandela wa 1995, amevaa jezi ya kijani namba 6 ya nahodha Francois Pienaar, jezi ambayo weusi wa kule waliichukia kwa miaka na miaka.

"Mandela alisamehe ya kwake," akasema, akachukua tena pampu. "Medali si yangu. Nitasameheje mali ya mtu?"

Nikanyamaza. Nilikuwa na Siya Kolisi mfukoni bado, kwenye simu, mtoto wa Zwide, mtaa wa watu weusi kule Port Elizabeth, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Springboks, mwaka 2018, aliyenyanyua kombe 2019 na tena 2023. Nilimwonyesha picha. Aliitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia, akauliza yule ni kabila gani, nikamwambia Mxhosa, akasema haya.

Pamoja na heshima zote, hapo ndipo tunapoachana. Yeye anaona deni ndio sababu ya kutotazama, na mimi naona ndio sababu hasa ya kukaa kiti cha mbele. Ukiuliza Watanzania raga inatuhusu nini, wengi watakwambia wapi na wapi, mchezo wa Arusha na wa wazungu. Kumbe mechi hii hii, kijani na nyeusi, iliwahi kufika mpaka kwenye orodha yetu ya medali ikafuta jina. Aliyelipia kitu na asikitazame amepunjwa mara mbili. Bayi, kwa wanaotaka kujua, alikwenda Moscow 1980 akarudi na fedha kwenye mbio za kuruka viunzi na maji. Ile ya 1500 haikurudi tena.

Turudi Ellis Park. Johannesburg iko mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa pwani tukifika kule, ngazi za ghorofa ya pili tu tunahema. Hewa nyepesi inaubeba mpira mbali zaidi ukipigwa teke, na inawakata pumzi wageni robo ya mwisho. Agosti 2024 New Zealand walikuwa wanaongoza hapo hapo 27 kwa 17 muda ukiyoyoma. Benchi la Afrika Kusini likaingia, trai mbili za haraka, 31 kwa 27. Ila safari hii wageni watakuwa wameshakaa nchini siku kadhaa na kucheza kabla ya mechi, mapafu yatakuwa yamezoea, na wanaujua uwanja ule: 2013 walishinda 38 kwa 27, kwenye mechi ninayoweza kuirudia hata leo, na 2022 wakashinda 35 kwa 23, wakati nchi yao nzima inawazomea. Ukiwaona wanaongoza dakika ya sitini, usisherehekee. Ukiwaona wanaongoza kwa zaidi ya kumi dakika ya sabini, hapo sawa.

Mimi naweka Afrika Kusini, kwa pointi zisizozidi saba. Moyo wangu uko kwa kijani kwa sababu ya Kolisi, macho yangu yako kwa jezi nyeusi kwa sababu ya zile pasi za mkono mmoja, na najua kwamba moyo na macho kwenye mechi hii huwa havitoki pamoja.

Sasa tatizo la mahali pa kuangalia. Agosti kusini hakuna fedha, mikorosho ndiyo kwanza inapulizwa na minada bado miezi, na Jumamosi hiyo hiyo kuna ligi ya Uingereza. Mwenye banda umiza mmoja hapa Chikongola aliponisikia nataka raga kwenye televisheni yake kubwa alinitazama kana kwamba nimeomba kuoa binti yake kwa mkopo. Tumeafikiana ile ndogo, ya uani, chini ya turubai, kwa sharti nilete watu wa kutosha na tusipige kelele wakati wa Arsenal. Mjomba amealikwa. Amesema anatoka shambani saa ngapi hajui. Kiingilio mia tano, soda unajinunulia. Na wale wa kuuliza kwa nini mpira unapasiwa nyuma waje mapema, maana mechi ikishaanza simjibu mtu.